Wasichana wa Beni wanahitaji saa na uwanja, siyo mayo za kampeni



Kila mara tukisema kwamba tunasaidia kuendesha ekipe ya wasichana ya mpira wa pete, mtu mwenye moyo mzuri anauliza: "Munahitaji mipira ngapi?" Tunashukuru. Lakini mpira ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika kazi hii. Mpira mmoja ukitunzwa unasukuma mwaka, na ukipasuka kuna fundi wa viatu sokoni anaushona. Vitu vya bei kali ni viwili: saa moja na nusu ya mtoto msichana, mchana, siku tatu kwa wiki, na kipande cha udongo ambacho hakuna mtu atakuja kesho kusema ni parseli yake. Leo tunaandika juu ya hivyo viwili.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wanapita pale uwanjani na kuuliza ni basketi gani hii isiyo na ubao. Siyo basketi. Ni netiboli, wengine wanaita mpira wa pete, na kwetu imeingia kwa njia ya huzuni. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, familia nyingi zilivuka mpaka wa Kasindi kwenda kutafuta usalama Uganda. Watoto wao waliingia shule kule Bwera, kule Kasese, wengine katika kambi ya Kyangwali. Na Uganda netiboli ni mchezo ambao msichana anaukuta shuleni mapema sana. Timu yao ya taifa, ile wanaita She Cranes, imefika hata kombe la dunia. Wasichana wetu wenye walirudi walirudi na Kiingereza kidogo na mchezo huu. Kuelewana na wenzao wa kule hakukuwa kazi, maana Kinande na Lukonzo ni lugha moja ukitega sikio vizuri.

Wachezaji ni saba kwa saba. Kila mmoja anavaa herufi kifuani inayoonyesha kazi yake na sehemu ya uwanja anayoruhusiwa kuingia. Ukishika mpira una sekunde tatu, halafu utoe. Huruhusiwi kukimbia nao, na huruhusiwi kuudundisha njiani kama katika basketi. Anayekuzuia lazima asimame sentimita 90 kutoka kwako. (Binti mmoja alicheka siku tulipoeleza kanuni hiyo: "Hii tuliijua tangu Ebola." Kweli, kuanzia 2018 mpaka 2020 mji huu wote ulijifunza kusimama mbali.) Wanaoruhusiwa kutupa kwenye pete ni wawili tu kwa kila upande, na pete iko juu mita 3 na sentimita 5.

Tunaingia katika mambo haya madogo kwa sababu yanaeleza kwa nini mchezo huu unatufaa sisi. Munajua udongo wa Beni. Mvua ikinyesha saa nane, saa kumi ni tope jekundu. Jua likiwaka siku nne, ni vumbi na mashimo. Mpira wa basketi hauwezi kudunda pale, na kumwaga simenti ni pesa ambayo hatuna. Netiboli haiombi simenti. Inaomba mpira upite hewani kutoka mkono hadi mkono. Nguzo zetu ni miti miwili ya mikaratusi, pete alizikunja mtu wa kuchomelea kwa chuma cha betoni, na mistari tunaichora kwa majivu ya jikoni ambayo wasichana wanakuja nayo katika mifuko. Mvua inaifuta, tunachora tena. Uwanja kamili ni mita 30 na nusu kwa mita 15 na robo, maana yake unaingia hata mahali ambapo uwanja wa mpira wa miguu hauwezi kuingia.

Na kuna jambo lingine, hili ni maoni yetu. Katika michezo mingine msichana mwenye nguvu anashika mpira, anakwenda nao mwisho hadi mwisho, na wengine sita wanatazama. Katika netiboli haiwezekani. Sehemu yako inaishia pale, sekunde zako zinaisha, inafaa umpe mwenzako hata kama jana alidondosha. Tumeona ekipe zetu zikipoteza juu ya msichana mmoja mwenye hakuaminiwa, na tumeona wakijirekebisha wenyewe bila kocha kufungua mdomo. Tumeona pia msichana wa miaka 15 akipuliza filimbi na watu wote wakasimama, pamoja na kaka zake wenye walikuwa pembeni wanapiga kelele. Nyumbani hakuna mtu anasimama huyo msichana akisema simama.

Sasa tufike kwenye saa.

Mvulana wa miaka 14 katika kartie zetu akitoka shule anakula, anavua kiatu, anakwenda uwanjani. Dada yake akitoka shule anachukua bidoni. Kuna foleni kwenye robine au kwenye chemchemi, na foleni haijui kama una mazoezi. Akirudi na maji kuna vyombo vya mchana, kuna sombe ya kutwanga, kuna mtoto mdogo wa kubeba, na mama bado hajarudi kutoka sokoni. Anapokuwa huru, jua limeshashuka. Na hapa kwetu jua likishuka hakuna mzazi mwenye akili atamwacha binti atembee. Tunaishi Beni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na tulio hapa tunajua usiku ni nini. Kwa hiyo msichana hana mchezo kati ya kazi na giza.

Ndiyo sababu sehemu kubwa ya kuendesha ekipe hii haifanyiki uwanjani. Inafanyika kwenye milango ya watu. Tumekaa na wazazi mmoja mmoja, mara nyingine mara tatu nyumba moja, kuomba kitu ambacho ukikisikia kinaonekana kidogo: siku ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bidoni ya saa kumi ibebwe na mvulana wa nyumba. Hatuombi maji yapungue wala kazi ilale. Tunaomba kazi ibadilishe mgongo siku tatu.

Hatutadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Baba mmoja alituuliza: "Munataka mutoto wangu mwanaume achekwe na barafiki yake?" Tulimjibu kwamba ndiyo, wiki ya kwanza atachekwa. Na alichekwa kweli. Wiki ya tano kulikuwa na wavulana wanne katika foleni ile, na mtu akichekwa ni yule aliyekuja na bidoni isiyo na kifuniko. Mama anayesimamia robine alituambia kitu ambacho hatukukifikiria: wavulana hawagombani na wasichana wadogo kama walivyokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe mpirani, wanapanga bidoni na kukaa kimya. Sijui kama itadumu, alisema. Sisi pia tunangoja kuona.

Ilibaki uwanja wenyewe, saa ile ile ya kumi. Wavulana wa mpira wa miguu walikuwa wanasema: "Ngojeni tumalize." Wakimaliza ni saa kumi na mbili. Tulifanya kikao na kapiteni wao, mbele ya shefu wa kartie, na tukaandika karatasi: siku tatu za wasichana, siku tatu za wavulana, Jumapili ni ya makanisa na ya wazee wenye wanapenda kukaa chini ya mwembe. Jumamosi asubuhi, baada ya salongo, wote wanasafisha uwanja pamoja. Karatasi hiyo ina saini sita. Tunaitunza kuliko mpira.

Kuna wazazi wenye woga mwingine, na woga huo hatuupuuzi. Wanauliza: nani anakaa na binti zetu? Ni swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa. Mwaka 2021 nchini Mali wasichana wa basketi walisema hadharani mambo waliyotendewa na kocha, na kocha akashitakiwa. Wale walikuwa wachezaji wa timu ya taifa, wenye federasyo na majengo na wakubwa wa kuwaangalia. Sisi tuko na miti miwili ya mikaratusi. Kwa hiyo tuliweka masharti kabla ya kuweka pete. Hakuna mazoezi bila mama mmoja wa kartie kukaa pale kutoka mwanzo hadi mwisho. Wamama wanapokezana na jina la mama wa siku linaandikwa katika daftari. Kocha mwanaume hapeleki msichana nyumbani kwa moto yake, hata mvua ikinyesha. Hapigi simu kwa mchezaji, anapigia mzazi. Pesa ya ekipe haishikwi na kocha, inashikwa na wasichana wawili na mama mmoja, kila mmoja na ufunguo wake, kama vile likelemba inavyofanya. Kijana mmoja mwenye alijitolea kufundisha alisoma masharti haya, akasema tunamtilia mashaka bure, akaondoka. Tulimwacha aende. Mtu mwenye anaona vibaya kutazamwa na mama wa mtoto, hatumhitaji.

Kuhusu mavazi hatutakawia. Wanacheza na sketi, chini yake suruali ya kubana, na binti mwenye dini yake inaomba kitambaa kichwani anacheza na kitambaa. Hakuna kanuni ya mpira inayokataa. Na wale wenye wanasema msichana akiruka-ruka hatazaa, tunawaomba wawatazame wamama wanaotoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, na mtoto juu ya mzigo, halafu watueleze ni nani anayeruka zaidi.

Mwaka 2023, kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba, mtu mmoja mwenye alikuwa anatafuta kiti alituma ujumbe: anataka kuwapa wasichana mayo mpya, seti mbili, na mipira. Mayo zilikuwa tayari zimechapwa, picha yake kifuani na namba yake ya kura mgongoni. Tulifikiri jibu ni wazi. Haikuwa wazi hata kidogo. Wasichana walikaa kikao karibu saa mbili. Mmoja akasema: nguo ni nguo, kura ni ya watu wazima, sisi hatupigi. Mama mmoja akasimama na kutuambia sisi vijana, siyo wasichana: "Nyinyi munakataa nguo, na batoto banacheza na matambara. Musiwafanye maskini zaidi juu ya mawazo yenu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Msichana mwenye herufi ya katikati akauliza swali moja: akishindwa uchaguzi, tutaendelea kuvaa uso wake? Na akishinda, tutakwenda kumuuliza habari za barabara na maji tukiwa tumevaa yeye?

Walipiga kura kwa vipande vya karatasi. Walikataa, lakini kwa kura chache tu. Walimwandikia barua nzuri kumwomba alete mayo bila picha. Barua haikujibiwa. Wakanunua tisheti za mitumba za rangi moja, au karibu rangi moja, na herufi walichora kwa rangi ya mlango. Kila mchezaji analipa franka 500 kwa wiki. Aliyehamishwa na vita halipi, na hakuna mtu anayeuliza nani amelipa nani hajalipa, kwa sababu daftari liko kwa wale watatu tu. Katika ekipe kuna wasichana kutoka Eringeti na Mayimoya ambao wamelala katika nyumba za kupokelewa, familia mbili au tatu kwa chumba. Mmoja wao alituambia kwamba uwanja ni mahali pekee ambapo hana haja ya kuomba radhi kwa nafasi anayochukua.

Watu wengine wanatuambia: yote haya ni ya nini, hakuna mtoto wa hapa ataishi kwa netiboli. Ni kweli, hakuna, na hatujamwahidi mtu. Lakini tusisahau haraka nchi hii ilikuwa wapi. Wasichana wa basketi wa Zaire walichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1983, wakarudia 1986, wakarudia tena 1994, na mwaka 1996 walikuwa Atlanta katika Olimpiki. Mwadi Mabika, mtoto wa Kinshasa, alikuwa katika ekipe ile; baadaye alichukua ubingwa wa Marekani mara mbili na Los Angeles Sparks, 2001 na 2002. Wasichana kama hao hawazaliwi katika stadi kubwa. Wanaanza katika kiwanja fulani cha kartie, ambacho hakijauzwa.

Na hapa ndipo tunafika kwenye jambo lenye limetufanya tuandike wiki hii.

Kiwanja ambacho ekipe hii inacheza kimepimwa. Watu walikuja asubuhi, wakati watoto wako shule, wakavuta kamba, wakapanda nguzo za simenti katika pembe tatu. Ya nne ilikosa nafasi kwa sababu ya mwembe. Walipoulizwa na wazee walijibu kwamba ni nafasi ya bure, haina kazi, na kwamba mwenyewe ana karatasi. Hatutaji kartie wala jina la mtu leo. Barua imefika kwa wanaohusika, na tunataka wajibu wakiwa huru, bila kusema tumewachafua kabla ya wakati. Lakini tunasema hili wazi: kiwanja ambacho kizazi baada ya kizazi kimechezea, ambacho salongo inasafisha kila Jumamosi, ambacho watu walikusanyika kila palipokuwa na msiba mkubwa, siyo nafasi ya bure. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 55, inasema kwamba ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya wote haipewi mtu binafsi mpaka kwanza iondolewe katika matumizi hayo kwa utaratibu wa sheria. Kama utaratibu huo ulifanyika, waonyeshe karatasi yake. Lini? Nani alisaini? Nani wa kartie aliitwa? Nchi iko pia na sheria ya michezo ya tarehe 24 Desemba 2011, na Katiba yetu kifungu cha 14 kinaiambia serikali iondoe ubaguzi wa kila namna dhidi ya mwanamke. Hatuombi huruma. Tunaomba watu wafungue vitabu vyao wenyewe.

Tumeona katika mji huu jinsi mambo haya yanavyokwenda. Kwanza nguzo. Kisha matofali yanamwagwa, "yamewekwa tu". Kisha ukuta unapanda usiku wa Jumamosi hadi Jumatatu. Kisha wanasema, mumechelewa, mtu ameshajenga, mumhurumie. Wavulana watapata kiwanja kingine, mbali, kwa sababu mvulana anaweza kutembea mbali. Msichana hawezi. Saa yake ile moja na nusu, tuliyoipigania mlango kwa mlango, haina nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi ndani yake. Ukiondoa kiwanja cha karibu umefunga ekipe, hata kama hujasema neno juu ya wasichana.

Kwa hiyo kwa meya na kwa ofisi ya ardhi tunaomba nguzo zile ziondolewe mpaka karatasi zionekane hadharani, mbele ya wakaaji, na kiwanja kiandikwe rasmi kama kiwanja cha umma, pamoja na vingine vilivyobaki katika komini zetu nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, kabla navyo havijapotea. Kwa shefu wa kartie tunaomba alinde ile karatasi ya saini sita kama anavyolinda muhuri wake. Kwa mwenye pesa anayetaka kusaidia: choo chenye mlango unaofungika pembeni ya uwanja kitafanya zaidi kuliko mayo mia moja, kwa sababu kuna wasichana wanaokosa wiki nzima kila mwezi juu ya kukosa mahali pa kujisitiri. Picha yako haitakuwa juu ya mlango.

Kwa wazazi: mazoezi yanaendelea, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, pale pale kati ya nguzo za simenti. Wasichana wamezichora kwa majivu ili mtu asijikwae. Njoo wewe mwenyewe siku ya kwanza, ukae na mama wa siku, uone. Na ukiwa na mvulana nyumbani, mwambie bidoni iko nyuma ya mlango.